Gari Lisilolala

Betri ya tatu tangu Oktoba, alisema Mama Tsiala,
na ile ya pili akaitua juu ya benchi langu
kama anayerudisha samaki aliyeuziwa kaoza.
Gari lilizimika mbele ya soko la Rustavi, saa nne asubuhi.
Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa mpigo,
breki, injini, usukani, mkanda,
kisha giza. Hata honi haikukohoa.

Nilifanya yale tunayofanya.
Betri niliitwisha mzigo, ikaubeba.
Altaneta ilitoa volti kumi na nne na ushei.
Waya wa bodi niliupiga msasa hadi shaba ikacheka.
Vakho, kijana wangu, akachomeka kompyuta,
ikatutapikia makosa ishirini na sita,
yote ya kusingizia: gari likikosa umeme
hulalamikia kila kiungo,
mlevi aulizwaye kaumia wapi.

Basi nikafunga milango, nikaunga mita,
nikangoja gari lisinzie.
Maana magari ya siku hizi hayazimwi, huagwa tu.
Unashuka, unafunga, unakwenda zako,
nyuma yako visanduku vinabaki vikinong'onezana,
dakika kumi, dakika ishirini,
hadi kimoja kimoja vinyamaze.
Kwangu vilinyamaza. Nukta sifuri mbili ya ampea.
Gari zima, mama. Chukua.
Siku ya nne akapiga simu: limekufa tena.

Mgonjwa anayepona kila akifika hospitali
hupimwa kwake.

Nikaenda usiku. Januari, theluji imegeuka kioo,
banda limeegemea nyumba, ukuta wa tofali moja,
na upepo wa mto Mtkvari unapita chini ya mlango wa bati.
Nilikaa juu ya ndoo, tochi mdomoni.
Saa nzima: nukta nne. Haishuki.
Nikaanza kung'oa fyuzi.
Ya redio, bado. Ya viti, bado.
Ya thelathini na nane,
mita ikaanguka jiwe kisimani.

Thelathini na nane ni sikio.
Ni kile kinachouliza, kila baada ya sekunde chache: upo?
ili mwenye ufunguo mfukoni akifika
mlango umjue kabla hajaugusa.
Kikikosa wa kukijibu, hulala.
Hapa alikuwepo wa kujibu.

"Ufunguo wa pili uko wapi?"
"Ulipotea. Tangu Septemba. Tangu Otar."
Wake mwenyewe ulikuwa jikoni, mbali,
ndani ya bakuli la makomamanga.
Nikagonga ukuta. "Nyuma ya hapa kuna nini?"
Hakunijibu. Alinipeleka.

Koti la Otar, kwenye msumari,
halijafuliwa, mabega bado yamekaa kimabega.
Mfukoni: risiti ya petroli, leso,
kokwa mbili za plamu,
na ufunguo.

Miezi minne, usiku kucha, ng'ambo ya tofali moja,
gari lilikuwa likiuliza upo
na koti likisema nipo.

Nikamweleza kigereji: mawimbi, masafa, bati huziba.
Akaleta kopo la biskuti, akautia humo, akafunika.
Baada ya dakika ishirini na mbili
mita ikateremka penye nukta sifuri mbili.
"Na nikifunua?"
Akafunua. Ikapanda.
Akafunika. Tukangoja tena, zote ishirini na mbili,
yeye na koti mapajani, mimi na ndoo yangu,
ikashuka.
Akafunua tena.

Nilikuwa na kazi asubuhi. Mguu wa kushoto ulishakufa ganzi.
Sikumharakisha.

Kwenye risiti niliandika: uchunguzi, lari arobaini.
Penye chanzo cha hitilafu nikaacha wazi.
Betri zile hazikuwa na kosa lolote, hata moja.
Ile ya pili ninayo hadi leo benchini,
inawasha redio ya Vakho.